Namba kwenye maandishi ya Kiingereza: ukiona dalili hii, chanzo ni hiki

Msimamizi kakurudishia chapta ya nne imejaa viduara vyekundu, ukiangalia vizuri hajagusa hoja zako, kazungushia namba tu. Hii "5" kaandika pembeni andika kwa maneno, ile "twelve" kaandika weka tarakimu, afu ukurasa unaofuata "5 km" kaiacha kama ilivyo. Unabaki unajiuliza sasa sheria ni ipi.

Kazi ya kusahihisha ripoti na tasnifu za Kiingereza naifanya karibu kila wiki, na hili swali la namba ndo linalowachosha watu kuliko hata grama. Ninachokiona ni kwamba makosa mengi hayatokani na mtu kutojua Kiingereza. Yanatokea sehemu mbili. Kwanza Kiingereza chenyewe hakina sheria moja ya namba, kina mitindo kadhaa na kila mmoja una mpaka wake. Pili, sisi tunahesabu kwa Kiswahili kichwani afu mkono ndo unaandika Kiingereza, na Kiswahili kina njia zake za kupanga elfu, laki, saa na nusu ambazo hazihamishiki hivihivi. Kwa hiyo usianze kukariri, anza na dalili unayoiona kwenye karatasi yako.

Dalili: namba ileile mwalimu mmoja anaikubali, mwingine anaikata

Hapa hujakosea, umebadilishiwa mtindo bila kuambiwa. Wanaofuata AP, ule mtindo wa waandishi wa habari wa Marekani, wanaandika kwa maneno kuanzia one mpaka nine, ikifika 10 ni tarakimu. APA, mtindo wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambao ndo vyuo vyetu vingi vinaudai kwenye sayansi jamii na elimu, na wenyewe unakata hapohapo kwenye 10. Chicago, unaotumiwa sana na wachapishaji wa vitabu, unaenda mbali zaidi, kwenye maandishi ya kawaida unataka maneno mpaka one hundred, na hata namba za mviringo kama two hundred au fifteen thousand zinaandikwa kwa maneno. MLA wa watu wa fasihi na lugha unaangalia kitu kingine kabisa, namba ikiandikika kwa neno moja au mawili iandike kwa maneno, kwa hiyo thirty-five ni maneno ila 135 ni tarakimu.

Sasa chukua namba 47. Kwa APA ni 47, kwa AP ni 47, kwa Chicago ni forty-seven, kwa MLA ni forty-seven. Zote ziko sawa, kila moja nyumbani kwake. Mtu aliyesoma kozi ya fasihi mwaka wa kwanza akahamia elimu mwaka wa pili atakuwa na mazoea mawili yanayopigana kwenye insha moja na hata hajui yalikotoka.

Dawa yake ni moja, tafuta karatasi ya maelekezo ya idara yako au ya hilo jarida unalopeleka makala, angalia wanataja mtindo gani na toleo gani (APA sasa hivi iko toleo la 7), ndo uanze kugusa namba. Kama hawajataja, uliza. Kama hakuna wa kumuuliza, chagua mpaka wa 10 maana ndo unaoeleweka na wengi, afu ushike huohuo kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka viambatisho.

Dalili: umefuata mpaka wa 10 vizuri kabisa na bado unakosolewa

Hii inauma kwa sababu mtu kajitahidi. Kaandika "five kilometres", "three percent", "four years old", kila kitu chini ya kumi kwa maneno, na bado kazungushiwa. Chanzo ni kwamba ule mpaka wa 10 ni wa kuhesabu vitu tu, watu watatu, shule saba, vijiji vinne. Namba ikishaenda na kipimo inatoka kwenye hiyo sheria. APA wanataka 5 km, 3%, 4 years old, 2 weeks, 6 kg, yaani vipimo, umri, muda, asilimia, alama za mtihani, hela, vyote tarakimu hata kama namba ni ndogo. AP na wao umri na asilimia ni tarakimu siku zote, ila wao muda wa kawaida kama "five years" wanaweza kuuacha kwa maneno, hapo ndo watu waliotoka kwenye uandishi wa habari wanajikwaa wakiingia kwenye utafiti.

Na vitu vyenye lebo pia havihesabiki kama idadi. Table 2, Figure 1, Chapter 4, Question 7, hizo ni majina, zinabaki tarakimu. Form Four ya kwetu unaweza kuiona Form Four au Form 4, mi nashauri uangalie dokumenti za wizara au za shule unazozinukuu zinaandikaje, ufuate hiyo mpaka mwisho.

Desimali huwa ni tarakimu siku zote, na uweke sifuri mbele, 0.5 na sio .5. Ila APA wana jambo lao hapa: kipimo ambacho hakiwezi kuzidi 1, kama thamani ya p ya takwimu au koriletioni (kipimo cha uhusiano wa vitu viwili), sifuri inaondolewa, unaandika p = .03. Kwa hiyo ukiona msimamizi kafuta sifuri kwenye p ila kaiacha kwenye wastani wa 0.85 m hajichanganyi, anafuata kitabu.

Dalili: sentensi imeanza na tarakimu

"45 respondents were interviewed." Hii kwenye ripoti zetu iko kila ukurasa. Mitindo karibu yote inakataa sentensi kuanza na tarakimu, ingawa AP na wengine wachache wanaruhusu mwaka ukae mbele. Sababu yake inaeleweka ukifikiria: sentensi inatangazwa na herufi kubwa, na tarakimu haina herufi kubwa, kwa hiyo msomaji akitoka kwenye nukta anakutana na 45 na hajui kama ni sentensi mpya au mwendelezo, hasa kama sentensi iliyotangulia nayo iliishia na namba.

Wengi wanakimbilia kuandika yote kwa maneno, "Forty-five respondents were interviewed", na hiyo ni sahihi. Lakini ikiwa 248 utapata "Two hundred forty-eight farmers" na hiyo inachosha macho. Hapo usipigane na namba, hamisha sentensi. "The survey reached 248 farmers." "Of the 248 farmers, most grew maize." Asilimia ni hivyohivyo, "65% of the women" mwanzoni lazima iwe "Sixty-five percent of the women", na ikiwa 67.4% usijaribu kuiandika kwa maneno, anza na "Most of the women" afu namba ije baadaye. Mwaka nao unaweza kuutangulizia maneno, "The year 2019" au "In 2019", ukawa salama kila sehemu.

Kale ka-mazoea ka kuanza kila sentensi na "A total of 45" kanakubalika, ila ukikaweka mara kumi kwenye ukurasa mmoja kanachosha. Badilisha badilisha.

Dalili: hela na idadi kubwa zinasomeka ajabu

Hapa ndo Kiswahili kinaingia kwa nguvu na hapa naomba ukae kidogo, maana makosa haya hayaishii kwenye maksi, yanaweza kugeuza kiasi chenyewe.

La kwanza ni laki. Sisi laki tano tunasema bila kufikiri, ila Kiingereza cha Uingereza na Marekani hakina neno hilo. Neno limetoka India na Kiingereza cha India ndo kinalitumia hadi leo. Kwa hiyo "five lakhs" msomaji wa London hataielewa, na "five hundreds thousand" nayo sio. Andika 500,000 au five hundred thousand. Na kama unafanya kazi na ankara za kutoka India angalia koma zao, wanaandika 12,50,000, hiyo ni laki kumi na mbili na nusu, kwa koma zetu ni 1,250,000. Hawajakosea kuchapa, ndo wanavyopanga.

La pili ni herufi s. Milioni tano, "five millions shillings". Hapana. Hundred, thousand, million na billion zikitanguliwa na namba haziongezwi s, ni five million shillings, three thousand bags, two hundred goats. S inakuja pale tu ambapo hakuna namba mbele, thousands of people, yaani maelfu ya watu. Ukiweza kusema maelfu au mamilioni kwa Kiswahili ndo uweke s, ukisema elfu tatu au milioni tano usiweke. Mi hiki kipimo ndo nawapa watu na hakijawahi kuniangusha.

La tatu ni zito zaidi, elfu ishirini na tano. Mzee anasimulia kwenye mahojiano kwamba gunia lilikuwa elfu ishirini na tano, wewe unatafsiri. Ni 25,000 au 20,005? Masikio ya wengi yanasikia 25,000 na mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini maneno yenyewe yanabeba zote mbili, na ndo maana wengine wanageuza wakasema ishirini na tano elfu ili kusiwe na ubishi. Kwenye bei ya gunia utajua kwa akili tu, ila kwenye idadi ya kaya au mapato ya mwaka huwezi kukisia. Mrudie aliyekuhadithia ukiwa bado upo kijijini, mwandikishe tarakimu palepale kwenye daftari, usisubiri ufike mjini.

La nne linawahusu zaidi ndugu zetu wa Kongo na Burundi, na Rwanda pia kwa wale waliosoma kwa Kifaransa. Kifaransa koma ndo inayotenga desimali, 3,5 ni tatu na nusu, na elfu zinatengwa na nafasi au nukta. Kiingereza ni kinyume. Ukihamisha 12.500 ya bajeti ya faranga kama ilivyo kwenda kwenye ripoti ya Kiingereza, mfadhili atasoma kumi na mbili na nusu. Na milliard ya Kifaransa ndo billion ya Kiingereza, wakati billion ya Kifaransa ni kubwa mara elfu moja ya hiyo, ambayo Kiingereza wanaiita trillion. Uingereza wenyewe zamani billion yao ilikuwa kama hiyo ya Kifaransa, serikali yao ikahamia hesabu ya Kimarekani mwaka 1974, kwa hiyo ukinukuu kitabu cha kizamani cha Kiingereza kuwa makini na hiyo billion.

Halafu kuna Tshs. 50,000/=. Kwetu inaeleweka mpaka kwa muuza nyanya. Ile /= ni mabaki ya enzi za shilingi na senti, baada ya mkwaju ulikuwa unaweka senti na kama hakuna unaweka alama. Msomaji wa nje haijui. Kwenye ripoti inayosafiri tumia TZS 50,000, KES 50,000, UGX 50,000, na usirudie neno shillings nyuma yake kwa sababu code imeshasema. Hivyohivyo "$5 million dollars", dola imetajwa mara mbili hapo.

Dalili: "one year and half", "a two weeks training"

Mwaka mmoja na nusu. Kiingereza kinataka one and a half years, nusu inaingia kabla ya mwaka na mwaka unakuwa wingi. Robo tatu ni three-quarters, theluthi mbili ni two-thirds, sehemu hizi zikiwa kwenye sentensi ya kawaida ziandike kwa maneno.

Na namba ikikaa mbele ya jina kama kivumishi, lile neno la kipimo halichukui s na linaunganishwa kwa haifeni: a two-week training, a five-day seminar, a 20-litre bucket, a six-year-old girl (kwenye APA namba zenyewe zinabaki tarakimu, 2-week, 6-year-old). Ikitoka mbele s inarudi na haifeni inapotea: the training took two weeks, the girl is six years old. Haifeni hiyohiyo inatakiwa kuanzia twenty-one mpaka ninety-nine, ila hakuna haifeni kwenye two hundred.

Namba mbili zikigongana, mfano ndoo kumi za lita ishirini, "10 20-litre buckets" inasomeka kama 1020. Moja iwe maneno, ten 20-litre buckets, imeisha.

Dalili: wageni wamefika saa ambazo hukuwaambia

Mkutano saa tatu asubuhi, ukaandika "3 a.m." kwenye mwaliko wa Kiingereza. Saa zetu zinaanza kuhesabu jua likichomoza, zao zinaanza usiku wa manane na adhuhuri, kwa hiyo kuna tofauti ya saa sita. Saa tatu asubuhi ni 9 a.m., saa nane mchana ni 2 p.m., saa moja jioni ni 7 p.m. Ongeza sita au toa sita, afu soma tena kwa sauti. Saa na dakika ni tarakimu, 9:30 a.m., ila ukitumia o'clock maneno yanapendeza, nine o'clock. Kwa saa sita mchana andika noon tu na kwa saa sita usiku midnight, maana 12 a.m. na 12 p.m. zinachanganya hata wenyewe Waingereza.

Jambo moja linalosahaulika ni siku. Saa saba usiku wa kuamkia Jumapili kwa Kiingereza tayari ni Jumapili, 1 a.m. on Sunday. Mtu akikwambia tukio lilitokea "Jumamosi usiku saa saba" muulize ni usiku wa kuamkia ipi. Kwenye ripoti ya tukio au ya hospitali hili sio dogo.

Tarehe nazo, 3/4/2023 kwetu na Uingereza ni Aprili 3, kwa Marekani ni Machi 4. Andika mwezi kwa jina, 3 April 2023, hakuna atakayekosea. Na miaka ya tisini ni the 1990s, bila kile kikoma cha juu.

Dalili: namba imeandikwa mara mbili, "thirty (30) days"

Hii imetoka kwenye mikataba na hundi. Kule ina kazi, kwa sababu tarakimu ni rahisi kuongezewa sifuri na maneno ni magumu kuchezewa. Sheria ya hundi ya Uingereza ya mwaka 1882 inasema maneno na tarakimu vikipingana, kiasi kilichoandikwa kwa maneno ndo kinacholipwa, na sheria zetu za hundi zimerithi hilo. Ukiandika mkataba endelea nayo na ukague kwamba vyote viwili vinasema kitu kimoja. Kwenye tasnifu na ripoti iondoe.

Kwenye IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, sehemu ya kusikiliza, ukiandika 19 au nineteen zote zinapata maksi, ila ukichagua maneno ukakosea spelling umepoteza. Kwa hiyo pale andika tarakimu. Na kwa wanaoandika maneno sehemu nyingine, angalia hizi: forty haina u ingawa four inayo, ninth imepoteza e, twelfth ina f, eighth ina t moja tu. 21st, 22nd, 23rd, ila 11th, 12th, 13th.

Dalili: dokumenti nzima imeharibika ghafla, kuna "of10" na "writ10"

Umetumia Replace All kubadilisha ten kuwa 10 na Word imebadilisha kila ten iliyoiona, mpaka iliyoko ndani ya often, written, attention, content. Bonyeza Ctrl+Z haraka kabla hujafanya kitu kingine. Kama ulishasevu na kufunga, tafuta 10 moja moja urudishe. Na neno one usiliguse kabisa kwa Replace, kwa sababu one of the reasons sio idadi, ukiandika "1 of the reasons" umeharibu sentensi iliyokuwa nzima.

Njia ninayotumia mimi ni kufungua Find, naandika ^# ambayo kwa Word maana yake ni tarakimu yoyote, nabonyeza Next moja moja kuanzia mwanzo. Kila nikisimama najiuliza: hii ni idadi, kipimo au lebo? Afu narudi juu natafuta maneno, two, three, four mpaka nilipoweka mpaka wangu na kuupita kidogo, nikiwa nimeweka tiki kwenye Find whole words only. Tasnifu ya kurasa themanini inakula kama saa mbili hivi. Raundi ya mwisho naangalia namba na kipimo chake visitengane, 5 ikibaki mwisho wa mstari na kg ikashuka chini, hapo kati yao nafuta nafasi ya kawaida naweka ya Ctrl+Shift+Space, zinashikana.